Nafasi ya kwanza kulia

Ufunguo ulirudi siku ya Jumatano, saa kumi na nusu jioni, umefungwa kwenye kipande cha kitenge. Aliyeuleta ni mtoto wa darasa la nne, mdogo wake Fundi. "Kaka kasema apewe Mwalimu," akanikabidhi, akakimbia. Hakukuwa na barua wala salamu. Nilikuwa nimeketi kwenye ngazi za darasa tunalofanyia mazoezi ya karate, hapa Mwanga, Kigoma mjini, nikimsubiri huyo huyo Fundi aje afungue mlango kama alivyofungua kwa miaka sita. Nikafungua mwenyewe. Madawati yalikuwa yamejaa chumba kizima, na hapo ndipo nilipogundua kwamba sijui yanapangwaje.

Nakiandika kisa hiki kwa sababu klabu nyingi za karate na judo za mikoani zitakipitia, na kwa sababu sisi tulikosea mara mbili kabla ya kupata njia. Wahusika wameridhia nikieleze bila majina. Fundi anaitwa hivyo kwa kuwa anatengeneza injini za boti kule Kibirizi. Mgeni nitamwita Mgeni, ingawa kwao ni Ujiji. Mwalimu ni Mwalimu. Mimi ni katibu wa klabu, mkanda wa kahawia, na wakati ule nilikuwa wa pili kwenye safu.

Safu ndiyo kiini cha kisa chote, kwa hiyo nianze nayo. Mazoezi ya karate hufunguliwa kwa kusimama mstari tukimtazama mwalimu. Mwenye mkanda wa juu anasimama mwisho wa kulia, wa pili yake kushoto kwake, hivyo hivyo mpaka kwa mtoto aliyejiunga juzi. Aliye kulia kabisa ndiye anayetoa amri ya kuketi na ya kuinama: "Shomen ni rei", yaani kuinamia mbele, kisha "Sensei ni rei", kumwinamia mwalimu. Mikanda ya rangi huhesabiwa kwa kyu, na kyu zinashuka; kyu ya kwanza ndiyo ya mwisho kabla ya mkanda mweusi. Ukivuka hapo unaanza kuhesabu dani kwenda juu. Dani ya kwanza inaitwa shodan, na hiyo "sho" maana yake ni mwanzo.

Fundi alikuwa kyu ya kwanza kwa miaka minne. Hakukwama kwa uvivu. Mwalimu wetu ana dani ya pili, na kwa utaratibu wa chama chetu hawezi kumtahini mtu dani peke yake. Lazima mtu aende Dar es Salaam, na sisi ndio mwisho wa reli: ni kilomita kama 1,250, kisha ada ya mtihani, pa kulala na chakula. Fundi alikuwa akidunduliza. Mwaka 2024 Serikali ikalifunga Ziwa Tanganyika kwa uvuvi, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane. Sina ugomvi na uamuzi ule. Lakini boti iliyoegeshwa mchangani haiharibiki injini, na fundi wa injini hana cha kufanya. Hela ya mtihani ikanunua unga.

Katika miezi hiyo hiyo Mgeni akaja.

Alizaliwa Ujiji, akaishi Bujumbura miaka kumi na minane akifanya biashara, akarudi kumuuguza mama yake. Mtu wa miaka arobaini na kitu, mpole, anasalimia "Mwiriwe" kwa Kirundi na wazee wa Kiha wanaitikia bila kuhitaji mkalimani. Alikuja na mkanda mweusi, dani ya kwanza ya Shotokan, mtindo mmojawapo wa karate, na cheti kilichoandikwa Kifaransa. Mwalimu alifurahi sana. Kigoma hatupati wageni wenye mkanda mweusi kila mwezi. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema, akamshika mkono, akampeleka mwenyewe mpaka nafasi ya kwanza kulia.

Fundi alisogea hatua moja kushoto. Safu nzima ikasogea naye.

Siku hiyo tulikuwa wengi. Kwa kawaida darasa letu hujaa siku za mwezi mpevu, boti za dagaa zisipotoka kwa sababu mwanga wa mwezi unazishinda taa. Ziwa likiwa limefungwa, vijana wa Kibirizi walikuja kila siku, zaidi ya thelathini, na wote waliona ile hatua moja.

Yaliyofuata yalianza kwa vitu vidogo. Sisi tunafanya mtindo mwingine, Goju-ryu. Hatua zetu ni fupi, miguu karibu, na tunatumia muda mwingi kwenye sanchin, pumzi na mwili uliokazwa. Shotokan inakwenda kwa hatua ndefu na kiuno chini. Madawati yakishasukumwa tunabaki na nafasi ya hatua kama saba. Mwalimu anahesabu ichi, ni, san, na kufikia ya nne Mgeni ameshafika ubaoni, sisi wengine tuko katikati ya chumba. Watoto wa nyuma wanamtazama aliye mbele kulia, ndivyo walivyofundishwa, na baadhi wakaanza kurefusha hatua. Mwalimu akiita Gekisai Dai Ichi, kata (mfululizo wa mapigo na hatua uliopangwa) ambayo hata mkanda wa njano kwetu anaijua, Mgeni anasimama akimchungulia Fundi kwa pembe ya jicho ili afuate.

Na zile amri za kuinama, mpangilio wa kwao ulitofautiana kidogo na wetu. Kwa wiki mbili Fundi alimnong'oneza. Mimi nilisimama kushoto kwake, nilisikia kila neno. Fundi ananong'ona, Mgeni anatamka kwa sauti, safu inainama.

Wiki ya tatu ukaja ule ufunguo. Vijana watano wa Kibirizi hawakuonekana tena baada yake.

Mwalimu alisema: "Kiburi. Karate ni unyenyekevu, na huyu bado hajaupata." Nilitikisa kichwa kukubali. Naliandika hilo kwa sababu linaniuma: niliyasikia manong'ono yale wiki mbili nzima, na bado nilikubali neno "kiburi".

Niseme sasa ninachoamini kilitokea.

Klabu yetu haina mshahara wa kumpa mtu. Fundi alifungua mlango, alisogeza madawati na kuyarudisha kila moja mahali pake ili walimu wa shule wasitufukuze, aliwashonea watoto mikanda iliyofumuka, aliwapanga watu wawili wawili kwa ajili ya kumite, yaani kupigana wawili wawili, akijua nani ana bega bovu na nani akipigwa pua anapandwa na hasira. Mkanda mweusi hatukuweza kumpa. Tulichoweza kumpa ni kile kipande cha sakafu, futi mbili kwa futi mbili, mwisho wa kulia. Hayo ndiyo yalikuwa malipo yake, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulitamka hilo, pengine hata yeye. Mwalimu alipompa mgeni heshima, aliichukua mfukoni mwa Fundi. Alikuwa mkarimu kwa mali ya mtu mwingine, wala hakujua kwamba ni mali.

Hapa historia inasaidia. Dani hazikuzaliwa na karate. Kano Jigoro, aliyeanzisha judo Tokyo mwaka 1882, ndiye aliyewapa wanafunzi wake wawili dani za kwanza mwaka uliofuata. Funakoshi Gichin alitoka Okinawa kuionyesha karate Tokyo mwaka 1922, na miaka miwili baadaye akaanza naye kutoa dani kwa mfano huo. Lakini Miyagi Chojun, mwanzilishi wa hii Goju-ryu yetu, hakumpa mwanafunzi wake yeyote dani mpaka alipofariki mwaka 1953. Wakubwa na wadogo walikuwepo uwanjani kwake kama kawaida. Walijulikana kwa muda waliokaa pamoja na kazi waliyofanya pamoja.

Hata neno la Kijapani tunalomwitia mkubwa wa darasa, sempai, linabeba jambo hilo. Maana yake ni mwenzako aliyekutangulia. Halitaji mkanda. Kwa maana hiyo Mgeni, siku aliyoingia darasani kwetu, alikuwa mdogo wa watu thelathini, huku mwili wake ukijua mambo ambayo ishirini na tisa kati yetu hatuyajui. Vyote viwili ni kweli kwa wakati mmoja. Kosa letu la kwanza ni kuvifunga vyote kwenye kipande kimoja cha sakafu.

Kosa la pili lilianza kwa nia njema kuliko la kwanza. Mgeni si mtu wa kutosoma mambo. Fundi alipotoweka, wiki iliyofuata alikuja na mkanda mweupe. Aliukunja ule mweusi, akauweka kwenye begi, akaenda kusimama kushoto kabisa, nyuma ya watoto. Darasa likanyamaza. Mwalimu alikaribia kutokwa na machozi, akatuambia, "Tazameni karate ilivyo." Wengi tuliguswa, hata mimi.

Jumatatu ya pili tulifanya kumite. Mpangaji wa watu hayupo, kwa hiyo tulipangana jinsi tulivyosimama. Mgeni akaangukia kwa kijana wa kidato cha tatu, mkanda wa machungwa, mwenye haraka. Kijana aliona mkanda mweupe na mtu wa makamo, akaingia kwa kasi aliyokatazwa kuitumia kwa wakubwa. Mgeni hakufikiri. Mwili wa miaka kumi na minane ya mazoezi haufikiri: alimfagia mguu wa mbele, na kijana akatua kwenye saruji akijikinga kwa kiganja. Mfupa wa kifundo cha mkono ukapasuka. Plasta wiki sita, na mitihani ya muhula iko mlangoni.

Mama yake alikuja kwenye mazoezi yaliyofuata. Hakupiga kelele. Alimsikiliza Mwalimu akieleza, akamtazama Mgeni aliyekuwa amesimama mlangoni ameinamisha kichwa, kisha akauliza: "Sasa hiyo mikanda mnaivaa ya nini, kama haimwambii mwanangu anapigana na nani?"

Hilo swali limekaa nami kuliko fundisho lolote la karate nililowahi kupewa. Tulikuwa tumeigeuza mikanda kuwa mambo ya heshima tu, nani ainamiwe na nani ainame, tukasahau kwamba mkanda pia ni taarifa kwa aliye mbele yako. Unamwambia uingie vipi, upige kwa nguvu gani, utegemee nini kirudi. Mkanda mweupe kiunoni mwa Mgeni ulikuwa unyenyekevu wa kweli, sina shaka hata chembe, lakini ulimpa mtoto taarifa ya uongo. Mtu mzima anayetaka kujishusha kwenye klabu ya watu wengine ana njia nyingi: achelewe kuzungumza, aulize, afagie. Mkanda asiuguse.

Na tukitafuta chanzo, tunarudi kwa Fundi. Angekuwepo, asingewapanga wale wawili pamoja. Hakuna cheti kinachosema Fundi anajua hilo.

Nilikwenda Kibirizi Jumamosi asubuhi. Ufukweni boti zilikuwa zimepinduliwa zikipakwa lami, na harufu ya mawese ilitoka kwa mama lishe mmoja jirani. Nilimkuta Fundi ameketi kwenye kreti akiwa na kabureta pajani, anaisafisha ingawa hakuna aliyeihitaji mpaka katikati ya Agosti.

"Shikamoo, dada Katibu."

"Marahaba. Mama hajambo?"

"Hajambo." Akanisogezea kreti nyingine. Tulikaa kidogo. Nikamweleza habari za kijana na mkono wake. Akaweka kabureta chini.

"Nani aliwapanga?"

"Hakuna."

Akakaa kimya kwa muda mrefu. Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea. "Mimi sina neno na yule kaka. Anapiga vizuri. Ile siku ya kwanza nilifurahi, nikasema nimepata mtu wa kujifunza kwake. Na kusogea, dada, mtu anasogea. Ila Mwalimu hakuniangalia. Alimpitisha mbele yangu kama anapitisha kiti. Angeniambia tu, 'Kijana, mpishe mwenzio,' ningempisha mpaka leo."

Nilimuuliza kwa nini alirudisha ufunguo, badala ya kuacha tu kuja.

"Ningekaa nao mngesema nimewafungia."

Mpaka kufika hapo nilikuwa nimejiaminisha kwamba tatizo ni nafasi. Alipoondoa nafasi mezani kwa sentensi moja, nililazimika kufikiri upya. Nafasi ilikuwa malipo yake, ndiyo, nalisimamia hilo. Lakini malipo yanaweza kuahirishwa kwa mtu anayeulizwa. Kilichomtoa ni kutoulizwa mbele ya watu thelathini waliozoea kusikia sauti yake ikiwainamisha.

Kikao kilifanyika chini ya mwembe wa shule, tukiwa sita, pamoja na mama wa kijana tuliyemwomba aje. Mwalimu alifungua. Alisema alikosea, akamtaja Fundi, akamwangalia usoni. Ilimchukua muda, mtu wa miaka yake na cheo chake, na namheshimu zaidi kwa jioni ile kuliko kwa dani zake zote mbili. Yeye anatoka katika mti wa Goju-ryu ulioota Zanaki, Dar es Salaam, miaka ya 1970, kwa Mmarekani mweusi Nantambu Camara Bomani, na amelelewa kuamini kwamba mwalimu haelezi. Mzee mmoja wa kamati akaongeza methali ambayo kila mtu anaijua, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na Mgeni akacheka kwa mara ya kwanza tangu ajali, akasema, "Nipeni basi hilo jembe, mzee wangu."

Tuliyokubaliana ni haya. Mgeni avae mkanda wake mweusi kila siku. Asisimame ndani ya safu. Asimame upande, ukutani kulia, akiwa ameelekea katikati, mahali ambapo klabu nyingi huwaweka mikanda myeusi wanaomsaidia mwalimu. Fundi arudi mwisho wa kulia na amri ziwe zake. Tukifika kwenye kata, Mgeni aingie kati ya mikanda ya kijani na kujifunza Gekisai na Saifa kama wao, akiwa na mweusi wake kiunoni, na mtu asicheke. Kumite ipangwe na Fundi peke yake. Na Ijumaa nusu saa ya mwisho iwe ya Mgeni: atufundishe kufagia mguu, na kwanza kabisa atufundishe kuanguka. Hilo la kuanguka alilidai mama wa kijana, na alikuwa na haki.

Jambo moja tulibishana na hatukulimaliza. Je, Mgeni afanye mitihani ya Goju kuanzia chini? Mwalimu anataka. Mimi naona hakuna haja ya kuharakisha; mtu akikaa miaka mitatu na kata zikamwingia, mtihani utajiuliza wenyewe. Yeye anasema atafanya lolote atakaloambiwa, jibu ambalo halitusaidii.

Ziwa lilipofunguliwa Fundi akapata kazi mfululizo. Klabu ilichanga, kidogo kidogo, na Mgeni alitoa zaidi ya wote ila akataka isisomwe. Miezi mitatu walifanya mazoezi wawili tu alfajiri, Mgeni akimshambulia kwa zile hatua ndefu ili azoee umbali asiokutana nao kwetu. Februari 2025 Fundi akapanda treni. Kata zilipita. Kwenye kumite walimwambia anasubiri mno, arudi baada ya miezi sita.

Alifika Kigoma Jumatano na akaja mazoezini siku hiyo hiyo, begi likiwa bado begani. Kila mtu alikuwa ameshasikia. Mgeni, aliyekuwa ameachiwa ufunguo, alikuwa ameshafungua, na watoto walikuwa wakijipanga. Mwisho wa kulia palikuwa wazi. Mimi nilikuwa nimesimama nafasi ya pili bila kuambiwa na mtu, na kila mmoja kushoto kwangu alikuwa kwenye nafasi yake. Fundi akafunga mkanda wake wa kahawia, akaja akasimama. "Shomen ni rei." Tukainama.

Baada ya mazoezi Mgeni alianza kurudisha madawati. Fundi akamtazama akiburuta la tatu kutoka dirishani, akaenda akalishika upande wa pili.

"Hili mguu wake mbovu, kaka. Linaegemea ukuta, la sivyo mtoto atadondoka asubuhi."

"Nimekuwa nikiliweka katikati wiki mbili."

"Najua. Nimeona limepigiliwa misumari mipya."

Wakalibeba mpaka ukutani.